Mkopo wa Kulipa Mkopo

Shangazi yangu anaanika ndagala, dagaa wa ziwani, huko Gitaza, na huwakopesha wenye mitumbwi siku ambazo mwezi unang'aa na taa zao hazivuti samaki. Asubuhi ile alimnyima mvuvi aliyemlipa vizuri miaka yote. Nikamuuliza kwa nini.

"Zamani alikopa anunue nyavu," akasema. "Leo anakopa ili alipe mkopo mwingine. Huyo amekwisha, hata kama mwenyewe bado hajui."

Wiki nzima tulikuwa tumebishana, sisi walimu wa Rumonge, kama madeni yanayopanda yataifanya serikali isiaminike tena kukopeshwa, na hakuna aliyeliweka jambo hilo wazi namna hii. Nikamweleza mbiombio, maneno yakigongana mdomoni, kwamba Leta, yaani serikali yetu, nayo inakopa upya ili ilipe madeni ya zamani.

Shangazi akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Na ni mjinga gani bado anaikopesha?"

"Benki," nikasema. "Hata ile unayoweka pesa zako."

Kicheko kikakatika. Akajifuta mikono, akakaza kitenge chake, akaniuliza benki inafunga saa ngapi.