Sauti Iliyojua R

Kompyuta ya kwanza niliyoizoea ilisoma Kiswahili kwa mdomo wa Kizungu. Ikikuta "pole" inasema "poul", ikikuta "wake" inasema "weik", na shikamoo yake ilikuwa inaishia "muu" kama ndama. Mimi sioni tangu nilipougua surua utotoni, kwa hiyo programu ile ya kunisomea kilichoko kwenye kioo ndiyo ilikuwa macho yangu ya kazini. Nilimwelewa vizuri sana yule Mzungu. Wateja wakimsikia kwenye spika walicheka mpaka wanasahau walichofuata, na mimi naendelea kuandika. Nani kati yao angemwelewa hata mstari mmoja?

Duka lilikuwa la steshenari, pale Majengo, mojawapo ya yale yaliyochipuka Sumbawanga biashara zilipofunguliwa na kompyuta za mitumba zikaanza kupanda huku juu kwetu pamoja na mashati. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa Mbeya, mkali, mpenda kazi. Alinichukua kwa sababu vidole vyangu vina kasi, lakini kila nilichoandika alikisoma kwanza yeye ndipo kichapwe. Tatizo langu lilikuwa r na l. Nyumbani tulizungumza Kifipa, na kwenye Kiswahili changu herufi hizo mbili zilikuwa zinaazimana nafasi. Mzungu wangu naye hakunisaidia, maana r yake ilikuwa laini, inayeyuka kabla haijafika sikioni.

Siku moja umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, kompyuta ikaungua. Programu ilikuwa imefungwa kwenye mashine hiyo moja tu, ikafa nayo. Mama akaleta kompyuta nyingine, akaniambia bila kuzunguka, "Mwanangu, nakupenda, ila kazi za watu haziwezi kulala. Kama hujaizoea hii mpaka Ijumaa, nitatafuta mwingine."

Nilikasirika, tena sana. Kurudi kijijini kupukuchua mahindi ya kaka yangu, huku watu wakinihurumia, sikuwa tayari.

Mwalimu mmoja, asiyeona kama mimi, akaniletea programu nyingine kwenye flashi, ya bure, yenye sauti ya Kiswahili. Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe masikio yangu yalishazoea kutafsiri. Sauti mpya ilipotamka "pole" kama inavyotamkwa na binadamu, nilikwama kwanza nikitafuta ni neno gani. Vidole navyo vilikwenda kwenye vitufe vya zamani, na programu ikaniambia mambo ambayo sikuyauliza. Kazi ilikwenda mwendo wa kinyonga. Mama akipita nyuma yangu anaguna, na mimi kuguna nasikia.

Ijumaa hiyo hiyo akaingia mzee mfugaji, Msukuma aliyehamia kule bondeni Mtowisa na ng'ombe wake.

"Shikamoo, baba."

"Malahaba, binti. Niandikie balua ya wakwe."

Nikajua leo tumekutana, yeye na mimi. Akaketi, akaanza kunitajia maneno taratibu. "Andika hivi: mahali ya binti yangu nitaipokelea mahali pale pale tulipokubaliana."

Mdomoni mwake mahari na mahali lilikuwa neno moja, kama lilivyokuwa nyumbani kwetu. Mimi nilishasemwa sana kwa ajili ya r, nikaona heri niitie kila ilipotakiwa na hata pasipotakiwa. Nikaandika "mahari" kote kuwili. Kisha nikaiamuru programu isome kwa spika, mzee asikie barua yake.

Ile sauti ikasoma. R yake ilitetemeka kama kokoto juu ya bati: mahari ya binti yangu nitaipokelea mahari pale pale. Nikashtuka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kosa langu kunifikia sikioni kabla halijafika machoni kwa mtu mwingine. Nikarudi kwenye mstari, nikafuta r ya pili, nikaweka l, nikaiamuru isome tena. Safari hii mahari ikabaki mahari na mahali pakawa mahali. Nilifurahi sana.

"Hapo sawa kabisa," mzee akasema.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Hakuguna.

"Nani kakuonyesha lile kosa?" akauliza.

"Nimelisikia mwenyewe, mama."

Nikasogea pembeni kumpisha asome, kama siku zote. Hakusogea. Akanyoosha mkono juu ya bega langu, akabonyeza, na mashine ya kuchapa ikaanza kuvuta karatasi. Barua ikatoka, akamkabidhi mzee papo hapo, bila kuipitisha machoni.

Wateja wengine walikuwa wamejipanga kwenye benchi. Nikavuta kiti changu karibu na meza, nikauliza kwa sauti, "Nani anafuata?"