Simu ya Saa Nne Asubuhi

Kampuni yetu ya burudani ilianzia uvunguni mwa kitanda cha mama. Huko ndiko zilikolala ngoma tatu za baba, redio ya kaseti, betri ya gari na spika mbili ambazo baba aliziundia makasha mwenyewe. Nyumba yetu ya Kinole ilikuwa ndogo, na mama alikataa vitu hivyo visiwekwe jikoni kwa sababu ya moshi na panya. Mtu mwenye mwali ndani, binti aliyevunja ungo na sasa anafundwa, siku ya kumtoa ilipokaribia alikuja kwetu kutuomba. Baba alipiga ngoma, mama aliimbisha, mimi nililinda betri, na mdogo wangu wa kiume alizunguka akisema maneno yaliyowavunja watu mbavu. Hakuna aliyemtuma. Alizaliwa na mdomo huo.

Tulipohamia Morogoro mjini tuliongeza jenereta, kisha viti vya plastiki, kisha maturubai. Baada ya miaka michache tukawa na kirikuu yetu, kigari kidogo cha mizigo, halafu lori, halafu vijana wa kufunga mapambo na taa. Mdogo wangu akawa mshereheshaji anayetafutwa kuanzia Mzumbe hadi Mikese, na mimi nikakaa nyuma ya mashine ya sauti, nikipanga ratiba na kugombana na kila mtu. Sijawahi kuwa mtu mpole. Kazi ikiharibika huwa nasema, na nikisema husikika hata bila spika.

Sheria ya kampuni aliiweka mama. Mwanzoni kabisa tulikuwa kwenye harusi moja Kingolwira, ikaja habari kwamba shangazi yetu kazidiwa, tukafungasha vyombo katikati ya sherehe na kuondoka. Shangazi akapona. Bibi harusi akabaki ukumbini na wageni wakitazamana. Mama alikwenda kwa miguu hadi kwa wazazi wa yule binti kuomba radhi, akarudi akatuambia kwamba tangu siku ile sherehe ya mtu haikatizwi, aje mgonjwa, ije mvua. Akasema siku ya mtu haina ya pili. Nililishika neno hilo kuliko alivyolishika yeye mwenyewe.

Baba alifariki mdogo wangu akiwa Kisaki na vyombo, kwenye sherehe ya siku mbili. Mnajua tunavyofanya katika mambo haya. Hatumwambii mtu habari ya kifo akiwa mbali. Tunamwambia njoo, mzee hajisikii vizuri, ili asianguke njiani. Nami nilimpigia nikamwambia hivyohivyo. Sisi ni Waislamu, maiti halazwi, kwa hiyo baba alizikwa siku ileile. Mdogo wangu alirudi na basi kesho yake, akaingia uani na chupa mbili za asali ya Kisaki kwa ajili ya kikohozi cha baba. Alipoona mikeka imetandikwa na wanaume wamekaa kimya, aliziweka chini chupa zake taratibu, akauliza ni lini. Tukamwambia jana.

Hakumlaumu mtu siku ile. Hitma ilipokwisha ndipo alipokaa mbele ya mama, akamwambia, "Mama, nifiche mengine yote. Msiba usinifiche." Mama alimshika kichwa. Akamwahidi kwamba yeye hatazikwa bila mwanawe, kwamba mwanawe wa pekee wa kiume ndiye atakayeshuka kaburini kumpokea. Aligeuka akaniangalia mimi, mkubwa wa watoto wake, maana habari zote za nyumba yetu hupitia kwangu. Nikasema sawa mama. Nilisema kwa moyo mmoja, naapa.

Mama alirudi kuishi Kinole, akisema joto la mjini linamkausha. Kampuni ikazidi kukua. Tulinunua skrini kubwa, tukapata wateja wenye majina, na jina la ukoo wetu likapakwa ubavuni mwa lori kwa rangi ya dhahabu. Kila mara mdogo wangu aliposhika maiki alikuwa na utani wake mmoja ambao watu waliungoja. Alisema, "Mimi mama yangu akiniona nimevaa suti, haniulizi nakwenda harusi gani. Ananiuliza nani kafa." Hapo mimi nilibonyeza mlio wa ngoma, watu wakacheka. Tulikuwa tumeufanya utani huo miaka mingi hata kidole changu kiliujua bila mimi kufikiri.

Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa Mikese. Familia moja yenye uwezo ilikuwa inamtoa mwali, binti wao wa pekee, na walitaka mambo yote mawili: ngoma za Kiluguru kama za zamani na skrini juu ya jukwaa. Tulifika tangu alfajiri. Saa nne asubuhi kina mama walikuwa wanampaka yule binti mafuta chumbani, nyimbo zimeanza, nami nakagua nyaya. Simu ikaita. Alikuwa mjomba. Kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye neno, na hapigi simu ovyo.

Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimekaa. Nikajua kabla hajasema.

"Mama yenu ametutoka, mwanangu," alisema. "Tunazika leo baada ya alasiri. Mwambie mdogo wako aje haraka, si unajua walivyoagana."

Nilimjibu tunakuja. Nikamwomba wasizike kabla hatujafika, naye akasema atajaribu, ila mawingu yamekwisha kushika milima na kaburi likijaa maji itakuwa aibu. Nikakata simu. Hatua kama kumi mbele yangu mdogo wangu alikuwa anafunga tai, anatania na wapishi.

Nimejitetea mara nyingi. Nimesema nilimwonea huruma. Nimesema ilikuwa sheria ya mama mwenyewe, na kwamba yule mwali alikaa ndani wiki nyingi akiingojea asubuhi ile. Yote hayo yana ukweli ndani yake, na yote ni takataka. Niliwaza kazi. Baba wa yule binti alikuwa ametuambia kwamba wiki inayofuata atatupeleka Dar es Salaam kwa watu wake, na mimi nilikuwa nimeingoja Dar es Salaam miaka ishirini. Nikapiga hesabu ya saa: tukimaliza saa saba, saa tisa tuko Bigwa, saa kumi tuko nyumbani, atawahi. Nikaizima simu nikaitia kwenye mkoba.

Mwali alitolewa amebebwa mabegani, amefunikwa kanga, na watu wakapiga vigelegele hadi spika zikawa hazina kazi. Mdogo wangu alipanda jukwaani. Nilikuwa naomba kimoyomoyo asiuseme ule utani, na nilijua atausema kwa sababu hajawahi kuuacha. Akausema. Ukumbi ukangoja ngoma. Akageuka kunitazama, akitabasamu, amenyanyua nyusi kuniuliza vipi dada.

Nikabonyeza.

Watu walicheka sana siku ile. Mimi nilicheka pia, maana alikuwa bado ananitazama. Mama yangu alikuwa amelala anaoshwa na majirani, nami nacheka Mikese.

Sherehe haikwisha saa saba. Zawadi zilichelewa, bibi mmoja akataka kusema, akasema kwa kirefu. Ilifika saa nane na nusu ndipo baba wa mwali akatushukuru. Nilimvuta mdogo wangu nyuma ya lori. Kabla ya hapo niliwasha simu, nikaifuta ile simu ya mjomba kwenye orodha, nikahakikisha imefutika. Kisha nikamwambia mjomba kapiga sasa hivi, mama ameondoka. Alishika ubavu wa lori. Aliwaambia vijana wafungashe polepole wasivunje kitu, akaniomba funguo za kirikuu.

Aliendesha mwenyewe. Toka Bigwa mvua ilikuwa inanyesha, na ile barabara ya kupanda mnaijua, ikilowa inakuwa kama sabuni. Mahali gari liliposhindwa tulishuka tukapanda kwa miguu. Alikuwa na suti na viatu vile vya jukwaani, anateleza, anainuka. Niliita anisubiri, hakusubiri. Nilimsikia akihesabu saa kwa sauti ya chini, akijiambia mjomba hawezi kuzika bila yeye.

Tulipokaribia nyumbani tuliwakuta wanaume wanateremka na majembe mabegani, matope hadi magotini. Walipomwona walisimama pembeni ya njia wakampisha. Mmoja akamwambia pole. Mwingine akaangalia chini. Walimngoja hadi saa kumi na moja kasoro, maji yakaanza kuingia, mjomba akaamua.

Wanawake kwetu hawaendi makaburini, lakini nilimfuata mdogo wangu hadi kwenye migomba nikasimama hapo. Alivua koti akalitandika kwenye majani, akachuchumaa mbele ya udongo mbichi. Aliuliza nani alishuka kumpokea. Mjomba, aliyekuwa amebaki pale, akasema yeye na majirani wawili. Aliuliza kama mama alikuwa mzito. Mjomba akasema hapana, alikuwa mwepesi sana. Basi akatia mkono kwenye udongo ule akawa anausawazisha, anausawazisha tena, mahali palipokwisha kusawazishwa na watu wengine.

Nilitaka kumwambia palepale. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Alipoinuka alikuja moja kwa moja hadi nilipokuwa, akaniegemea bega kama alivyokuwa akifanya zamani, na ndipo alipolia. Akaniambia, "Ahsante, dada. Wewe hukunificha. Ni njia tu ndiyo imenishinda."

Nikampangusa matope usoni. Kila siku iliyopita baada ya hiyo imelifanya lile neno kuwa gumu zaidi, na sasa sidhani kama nina nguvu ya kulitoa. Dar es Salaam tulikwenda. Tumepata lori la pili. Watu hutusifia kwamba tumekua, hutuuliza siri, nami huwajibu kwamba ni kushirikiana. Nalala, naamka, napanga ratiba. Sioni ninachokingojea.

Kwenye hitma ya arobaini ya mama uani palijaa watu. Mjomba alikuwa amekaa karibu na mlango, kanzu yake nyeupe, tasbihi mkononi. Wiki ile ya msiba aliwahi kunikuta peke yangu jikoni. Hakuuliza chochote. Aliniambia tu kwamba atakaa kimya juu ya simu ile kwa ajili ya yule mtoto, mdogo wangu, si kwa ajili yangu, na akatoka.

Dua ilipokuwa inakaribia mwisho, mdogo wangu aliomba ruhusa kusema. Hakuwa na maiki. Aliwashukuru majirani waliomwosha mama na waliomchimbia. Kisha akasema kuna mtu mmoja anataka Mungu amlipe zaidi ya wote, ni dada yake, kwa sababu msiba wa baba walimficha, lakini wa mama dada alimwambia dakika ileile alipousikia, hakungoja hata vyombo vifungashwe. Akasema mtu akikupenda hivyo umuombee angali hai. Akainua mikono akaniombea umri mrefu.

Watu wote wakainua mikono. Mjomba hakuinua yake, alikuwa anautazama mkeka. Mimi niliinua yangu, na dua ilipofika mwisho nikaitikia amina pamoja na wenzangu.