Macho ya Baba Mbele ya Ndagala

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Baraka, kando ya ziwa, kabla ya uhuru, asubuhi ilinuka ndagala. Wavuvi wakisharudi, samaki wale wadogo walimwagwa mchangani, nasi wasichana tukaanika, tukageuza, tukafukuza kunguru. Tuliiba wachache waliokwisha kukauka, tukawatafuna na muhogo wa kuchoma.

Mimi nililetwa pale kutoka kwetu Swima na Mama Mdogo, ndugu wa marehemu mama yangu. Baba yangu alisifika kwa uvivu. Alishinda amelala chali mlangoni akitazama mawingu, na mtumbwi wake ukaozea ufukweni. Nikipunguza mwendo kidogo tu, wanawake walisema, "Ile mutoto atakufa masikini. Uvivu ya baba yake iko mu damu." Niliumia, maana niliwaamini.

Mama Mdogo hakubembeleza mtu. Alfajiri niko macho, mikono kazini. Siku moja akanikuta nimeduwaa, uso nimeuelekeza angani, akachoka nami kabisa.

"Kesho nakurudisha Swima. Nimefundisha, nimeshindwa."

"Mama, mvua inakuja. Tuanue."

Jua lilikuwa kali. Lakini juu ya milima ya Fizi niliona wingu jembamba lililokatika vipande, na Baba alikwisha kunionyesha kwamba likiwa hivyo, mvua haikawii. Wanawake walicheka hadi wakashika mbavu. Mama Mdogo alinitazama, akatazama milima, kisha akachukua kikapu. Tulianua mbio. Kikapu cha mwisho kilipoingia ndani, mvua ikashuka. Ndagala wa wengine waliloa wakaoza. Wetu ndio walioliwa Fizi wiki ile, kwa bei tuliyoitaka.

"Ile macho ni ya baba yako," alisema Mama Mdogo. "Lakini miguu ya kukimbia, ni mi nilikupatia."

Habari ya Swima ikaishia hapo. Kwa macho hayo na miguu hiyo nimefanya biashara maisha yangu yote, nikajenga nyumba ya mabati na kusomesha watoto sita. Najivunia, sifichi! Wajukuu zangu leo wanaiuliza simu kama mvua itanyesha, huku nguo zao zikiloa kambani. Nawacheka, halafu naukumbuka ule ufukwe uliojaa wanawake na kelele zao. Mabingwa wale wa kusoma damu za watu wameondoka karibu wote. Sanda za watatu kati yao nilinunua mimi.