Ndege wa Sahani ya Bi Nana

Mji wa Siyu ulikuwa na mafundi wengi, lakini wa kutia nakshi pambizoni mwa misahafu, mwaka ule wa 1327 wa Hijra, alibaki Madi peke yake. Ua moja lingeweza kumla asubuhi nzima, wala hakuona haya.

Mama yake, Bi Nana, alipofariki, vyombo vyake vya zidakani, kwenye yale matundu ya chokaa ukutani mwa chumba cha ndani, vilingoja kugawanywa kwa warithi. Dada yake Umulkheir akamwomba jambo moja.

"Kaka, kabla havijatawanyika, nichoree kidaka kimoja kama mama alivyokipanga. Nikikitazama nimuone."

Madi akaketi mbele ya sahani ya buluu, birika la shaba na ndimu tatu zilizoanza kunyauka. Siku ya kwanza hakuchora kitu, alitazama tu. Kesho yake akachora kivuli cha ndimu moja. Kila siku alingoja mwanga urudi pale ulipokuwa jana, ndipo achovye kalamu yake ya utete. Jirani yake Barka humcheka:

"Madi, ndimu zitaota mti hujamaliza!"

"Zikiota nitachora na mti."

Alipomaliza, akaianika picha dakani, kwenye ukumbi wa mlango wa mbele. Barka akapita, akatupa jicho, akaona buluu, bawa na mkia. Hata hakusimama. Kabla ya adhuhuri mji mzima ulishajua kwamba Madi amechora ndege, kiumbe mwenye roho, kwa kalamu ile ile ya msahafu. Ndivyo tulivyo! Macho tumepewa mawili, subira yetu ya nzi, na hukumu tunaikata huku tukitembea.

Baada ya sala akaja Mwalimu Abdulghafur, aliyempa Madi msahafu wa msikiti autie nakshi. Barka alikuwa nyuma yake.

"Madi, umechora ndege?"

"Nimechora sahani, Mwalimu."

"Na sahani ina ndege?"

"Inaye."

"Basi umemchora. Karatasi hiyo itachanwa, na msahafu nauchukua leo hii."

Madi akaitazama kalamu yake. Bila msahafu, mkono wake ulikuwa wa kazi gani tena? Sauti ya Umulkheir ikatoka nyuma ya pazia.

"Mwalimu, kuchana ni rahisi. Yeye ameketi nayo mwezi mzima. Wewe keti nayo kikombe kimoja tu cha kahawa."

Mwalimu akaketi, shingo upande. Akaitazama picha kwa hasira. Kisha akaona baka la kijani kwenye ndimu, akaona pale birika lilipobonyea, na kahawa ikaanza kumpoa mkononi. Kidole chake kikafuata ukingo wa sahani polepole, kikasimama.

"Barka, ndoo hapa utazame. Kitwa cha ndege huyu ki wapi?"

"Si hiki hapa..." Barka akainama, kidole kikakosa pa kugusa.

Mahali pa kichwa palikuwa na chokaa. Sahani ilimeguka ukingoni zamani, ikazibwa, na Madi aliichora chokaa ile kama chokaa, chembe kwa chembe, bila kuwaza lolote zaidi. Umulkheir akaipenyeza sahani yenyewe chini ya pazia. Ilikuwa vile vile: mabawa, mkia, na shingo iliyoishia kwenye kiraka cheupe.

"Wallahi mimi nilikiona kitwa!" Barka akasema.

"Ulikitia mwenyewe." Mwalimu akaangua kicheko. "Madi kachora sahani mbovu. Aliyechora ndege mzima ni wewe, tena bila kalamu!" Akamgeukia Madi. "Sura isiyo na kitwa haina roho, wanazuoni walishalimaliza hilo. Msahafu na ubaki kwako, mwanangu."

Madi alitaka kushukuru, akajikuta ameketi sakafuni. Akavuta pumzi ndefu, kana kwamba tangu asubuhi alikuwa chini ya maji. Nyuma ya pazia Umulkheir alilia na kucheka kwa pamoja.

"Niwie radhi, jirani," Barka akasema. "Nilikuwa napita mbio."

"Basi leo usipite. Keti."

Wakaketi watatu mbele ya karatasi ile moja. Barka akauliza kwa nini ndimu ya kati ina vivuli viwili, na Mwalimu, kabla Madi hajafungua kinywa, akatangulia kumweleza. Alasiri ilipoadhiniwa, ilibidi Mwalimu aguswe bega ndipo asikie.