Katiba Ilinikuta Arobaini

Mwanangu wa kwanza nilimzaa Diani, mwaka ule Serikali iliposema kwamba Mwafrika naye atapiga kura. Niseme sawasawa: baadhi ya Waafrika. Katiba ilikuwa imeandikwa Uingereza, nayo ilitaka mtu awe na elimu, au mali, au umri mkubwa, au utumishi wa miaka mingi. Mwenye sifa nyingi alipewa hata kura tatu. Asiye na kitu, akae.

Mimi nilikuwa na elimu. Mjomba alinisomesha Mombasa hadi sekondari, watu wakimcheka kwamba ananenepesha mbuzi wa mwenziwe. Mume wangu, mwashi, hakuwa na sifa hata moja. Nyumba nzima wenye sifa tulikuwa wawili: mimi, na bavyaa, baba yake mume wangu, kwa mvi zake.

Tangazo lilipoletwa lilikuwa la Kiingereza, na wazee waliokaa barazani kwetu hawakukijua. Basi likapitishwa dirishani, nami mzazi niliye kitandani, mtoto ananyonya, nikawafasiria.

"Mkaza mwanangu," bavyaa akauliza, "hiyo katiba ni kitu gani hasa?"

"Ni mkataba wa namna tutakavyotawaliwa, baba."

"Si tuna mkataba wa Sultani?"

"Huo ni wa pwani hii. Huu ni wa Kenya nzima. Yote miwili iko juu yetu."

Jirani yetu muuza samaki, mtu wa Galu mwenye ulimi, akasema, "Basi tumeolewa na waume wawili. Na mahari kala nani?"

Wakacheka. Mimi sikucheka.

"Mwari akiozwa huulizwa," nikawaambia. "Akinyamaza huhesabiwa ameridhia, lakini huulizwa. Nyinyi aliwauliza nani?"

Bavyaa akakohoa, akasema nimwangalie mtoto, analia. Mtoto alikuwa amelala.

Kujiandikisha kulikuwa Kwale, na kungefungwa kabla arobaini yangu haijaisha. Nikaomba ruhusa kwa mavyaa, mama yake mume wangu.

"Mzazi hatoki," akasema. "Upepo utakuingia, na mtoto atapigwa jicho."

"Mtoto nitamwacha kwako. Mimi nitajifunika gubigubi."

"Hata ukijifunika godoro."

Nikamgeukia mume wangu. Nikamwambia amwombe karani aje nyumbani, asimame hapo nje dirishani, mahali wazee wanaponisikiliza kila jioni. Akaangalia miguu yake yenye chokaa.

"Na wenzangu kazini waseme nini? Mke ana kura, mume hana?"

Hapo nikajua huo upepo ulikuwa ukivuma kutoka wapi.

Siku ya mwisho ya kujiandikisha ilinikuta nakandwa kwa maji ya moto. Nililia. Mkandaji akasema, vumilia mwanangu, maji yatapoa. Nikamwambia si maji. Hakuniuliza ni nini.

Siku ya kura bavyaa alivaa kanzu na koti, akafukizwa udi kama bwana harusi, akapanda Kwale. Aliporudi nikamuuliza amemchagua nani, na kwa nini.

"Niliyeambiwa na wenzangu," akajibu.

Hata mwaka mzima haukutimia. Waliochaguliwa walikataa vyeo walivyopewa, wakasema katiba yenyewe haifai, na London wakaandika nyingine. Viti viliongezwa. Nilifurahi kwamba waligoma, sitasema uongo. Lakini bavyaa na kura yake, hakuja mtu kumuuliza chochote.

Likaletwa tangazo jipya, likapitishwa dirishani kama kawaida. Mwanangu alikuwa ameshaanza kusimama kwa kushika ukuta. Nililisoma lote kimyakimya, kisha nikasema, "Ngojeni, nakuja kuwasomea huko huko barazani."

"Huku kuna wanaume," bavyaa akasema. "Soma papo hapo dirishani, mahali pako."

"Kutoka hapa, baba, nilishasoma ile katiba ya kwanza."

"Mkaza mwanangu, usinitie aibu mbele ya watu."

Nikalikunja lile karatasi, nikalirudisha nje mikononi mwake, nikavuta komeo la dirisha. Nikamsikia muuza samaki akisema, "Leo mwari amekataa." Safari hii hakuna aliyecheka.

Wanajua tu kwamba viti vimeongezwa, maana hilo lilitangazwa redioni. Yaliyobaki hawajui hadi leo. Mimi nayajua, na hakuna niliyemwambia.