Wimbo wa Roki Kwenye Programu ya Mazishi

Hadi leo sielewi mzee wa kanisa, mfugaji wa ng'ombe kule Mutuini, aliupendea nini wimbo wa roki wenye magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayelia kama ameungua.

Nilikuwa mjini, kwa mchapishaji wa programu za mazishi. Mbele yangu kwenye foleni, mjane wake alitaka wimbo huo uwekwe kwenye programu.

"Shemeji, pastor atasema nini?" nduguye marehemu akauliza.

"Atasema amina. Mzee wangu alikuwa anakamua ng'ombe na hiyo nyimbo kila asubuhi."

Ndugu akaweka simu sikioni, akausikiliza wote, uso ameukunja. "Mimi hapa sisikii kitu."

"Hata mimi. Lakini ni yake."

Mimi nimeupenda wimbo huo tangu sekondari, na bado nisingeweza kuwasaidia kuuelewa.

Wakakubaliana upigwe jeneza likishuka. Ndugu mwenyewe akamsomea mchapishaji jina la wimbo, herufi kwa herufi, akaagiza liandikwe kwa wino mzito, kama Zaburi.