Jina Lililosubiri Picha ya Nyonga

Wenzangu wa Theta, mmeniuliza sana kilichonipeleka Thika wiki jana, mtu ambaye hata kanisani huenda akilalamika njia nzima. Haya, kaeni niwasimulie mwenyewe, maana mkisimuliwa na mwingine ataongeza chumvi.

Mnajua Kamau mwanangu amepata binti, mtoto wake wa kwanza. Na kwetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, yaani mimi. Jambo hilo nimelitamani tangu Kamau akiwa kijana wa kunyoa ndevu za kwanza, sioni aibu kusema. Lakini mtoto alipozaliwa nilimwambia, "Kamau, msimwite bado." Mguu wangu mnaujua. Nyonga ilitoka mahali pake nikiwa mchanga, hakuna aliyegundua, na tangu nijue kutembea natembea nikichechemea. Wenzangu walipokuwa wakikimbia uwanjani, mimi ndiye niliyeshikishwa masweta yao. Kwetu mtoto akipewa jina hutazamiwa achukue na mambo ya mwenye jina, na mimi niliogopa atachukua na huu mguu. Basi kwa wiki kadhaa msichana wa watu akaitwa "mtoto" tu, na kila nikisikia hivyo moyo unaniuma.

Halafu nesi wa kliniki akauliza maswali yake. Aliposikia mtoto alizaliwa akitanguliza matako, na kwamba nyanya yake ana nyonga mbovu, akasema lazima apelekwe Thika akapigwe altrasaundi ya nyonga, hata kama miguu inaonekana sawa. Nikasema siendi kungoja habari nyumbani. Naenda mwenyewe.

Asubuhi nilitoka Theta na thamosi ya uji wa Wanjiku, mke wa Kamau, kwa sababu mama anayenyonyesha hasafiri na tumbo tupu. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Nilifika Kimbo, wanakoishi, nikamkuta Wanjiku amemfunga mtoto kwa shali, miguu imenyooshwa, kakazwa kama kifurushi cha kupelekwa mbali.

"Umemfunga vizuri," nikamwambia.

"Wamama majirani wa hapa ploti wamenifundisha, mama. Wanasema inanyoosha miguu."

Nikamsifu tena. Ngojeni mtaona.

Njiani tulipata gari lenye nafasi, nikakaa dirishani na mtoto magotini. Tulipokaribia Juja niliona wasichana wa shule wakikimbia uwanjani, sketi zimepandishwa, mmoja kawaacha wenzake mbali. Niligeuza shingo kumtazama hadi akapotea. Umri huu wote, na bado nikiona msichana anakimbia natamani kushuka nikimbie naye. Wanjiku aliniona. Akanimiminia uji wangu mwenyewe kwenye kifuniko, akasema, "Kunywa, mama, ungali moto."

Thika tulishuka tukatembea hadi kituo chenyewe, upande wa Makongeni, mimi nikikokota mguu na Wanjiku akijifanya mtoto ni mzito ili aende polepole. Ana adabu msichana huyo.

"Jina la mtoto?" akauliza dada wa mapokezi.

Wanjiku akaniangalia. Mimi nikaangalia ukuta.

"Andika mtoto wa Wanjiku," akasema mwenyewe.

Daktari alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa Thika hii hii, na alinisalimu kwa Kikuyu, "Wi mwega, cucu?" yaani hujambo, nyanya, nikabaki mdomo wazi. Aliutazama mwendo wangu nikiingia.

"Ni wewe mwenye nyonga?"

"Ni mimi, daktari. Nimekuja kuona kama nimeigawa."

Hakucheka. Alifungua shali, akaitazama miguu iliyonyooshwa. "Nani amemfunga hivi?"

"Ni mimi," Wanjiku akasema. "Ni baridi, na inanyoosha miguu."

"Mtoto mchanga hanyooshwi, mama. Mwache akunje miguu aitanue kama chura. Mfupa wa paja una mpira, na mpira huo hukaa kwenye kikombe cha nyonga. Ukiikaza miguu imenyooka, unausukuma mpira utoke."

Haiya! Mama yangu alinifunga hivyo hivyo. Alikuwa akinisimulia kwa fahari jinsi nilivyolala kimya nimekazwa barabara. Sikumlaumu hata kidogo. Nilimtamani tu awe pale kando yangu, tusikie pamoja, nimwambie hakujua.

Mtoto alilazwa ubavu kwenye mto wenye bonde katikati. Daktari akapaka jeli aliyoipasha moto, akaweka kifaa cha kupigia picha pembeni mwa nyonga. Eksirei, alisema, haifai kwa mtoto mchanga hivi, kwa sababu sehemu kubwa ya nyonga yake bado haijawa mfupa mgumu. Kwenye kioo cha mashine niliona kivulivuli, halafu duara. "Huu ni mpira. Hili hapa juu ni paa la kikombe. Napima mteremko wa paa, nione kama limeufunika." Akapima. Wa kulia ulikuwa sawa.

Wa kushoto ndio upande wa mguu wangu mbovu mimi. Walipomgeuza mtoto akalia, akarusha miguu, duara likapotea kwenye kioo. Wanjiku akamnyonyesha, tukaanza upya. Daktari akasogeza kifaa, akapima, akasogeza tena. Nilikuwa nimeikumbatia ile thamosi kama mtu anayeogopa kuibiwa.

"Umo ndani," akasema. "Umefunikwa vizuri."

"Rudia, daktari."

"Umo ndani, cucu. Nyonga zote mbili nzima."

Nikamuuliza nililokuja nalo. "Jina linaweza kuleta mguu?"

"Jina haliwezi. Damu inaweza, ndiyo maana nesi wenu alifanya vyema kuwatuma. Lakini nimeangalia. Kwake huo mguu haukufika."

"Na mimi, ningeangaliwa hivi wakati ule?"

"Ungevalishwa mikanda ya kushika miguu ikiwa imetanuka, kwa miezi kadhaa. Wengi hutembea vizuri kabisa."

Miezi kadhaa! Hapo nililia, sitawaficha. Nilimlilia yule msichana ambaye hangeshika sweta la mtu.

Kurudi nilimbeba mtoto kifuani, magoti yake yamekunjwa na kunikumbatia huku na huku, kama daktari alivyotuonyesha. Nyinyi wenye wajukuu, fungeni shali kiunoni kwenda juu mkitaka, lakini miguu iacheni huru. Na ambaye kwao kuna mguu kama wangu asione haya kusema kliniki. Hayo ndiyo niliyorudi nayo.

Kimbo, Kamau alikuwa anatungoja mlangoni. Wanjiku akamwambia. Akakaa chini palepale kwenye ngazi.

Niliingia nikamlaza mtoto kitandani nikaondoa shali. Miguu ikaruka juu, ikatanuka. Wao wawili wakasimama nyuma yangu. Nikainama.

"Nyambura," nikamwita.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita mtu mwingine kwa jina langu. Akanitazama, akarusha teke, kwa mguu wa kushoto.